Je, wajua kwa nini jino lililotolewa mshipa linaweza kuuma tena?

Wengi huamini kwamba mshipa ukishatolewa jino limekufa, halina tena cha kuuma. Likianza upya baada ya mwaka, husemwa daktari "aliacha mshipa". Mara nyingi sivyo. Kinachouma ni mfupa na nyuzi zinazoushikilia mzizi kwa nje, ambazo mishipa yake ya fahamu haikuguswa. Bakteria waliobaki ndani hupenya kwenye ncha ya mzizi na kuwasha uvimbe hapo. Na uvimbe huo unaweza kukaa kimya miaka, kwa hiyo kutosikia maumivu si ushahidi kwamba tiba imefaulu. Picha ya eksirei ndiyo husema.

Sifa nyingi hupewa dawa ya kuzibia njia ya mshipa ndani ya mzizi, lakini kazi kubwa ni usafi. Fikiria kibuyu cha maziwa: shingo nyembamba, tumbo lenye kona. Ukisugua kwa kijiti, kijiti hugusa sehemu tu. Mabaki ya kwenye kona hutolewa na maji unayotikisa. Ukikifunga kabla ya hapo, kizibo kizuri kinafungia uchachu. Vijisindano vya daktari vya kusugulia ndani ya mzizi navyo huacha theluthi ya kuta za mzizi au zaidi bila kuguswa, ndiyo maana hipokloriti ya sodiamu (ndiyo, ile ya kung'arishia nguo nyeupe, kwa asilimia 0.5 hadi 5.25) humiminwa tena na tena, jino likiwa limezungushiwa mpira wa kuzuia mate. Gego la kwanza la juu lina ujanja wake: mara nyingi lina njia ya nne, nyembamba, iliyojificha kwenye mzizi wa mbele upande wa shavu. Daktari asipoiona, inabaki na bakteria wake.

Jino ambalo eksirei yake ina kivuli cheusi (alama ya uvimbe) kwenye ncha ya mzizi tangu mwanzo hupona kwa shida zaidi, hata mikononi mwa fundi.

Halafu kuna nauli. Mtu wa Makete au Ileje akifika Mbeya, maumivu huisha siku ya kwanza, naye harudi kumalizia tiba. Kizibo cha muda ni cha wiki chache. Kikilegea, mate huingia na kazi yote imeharibika. Gego lisilovishwa kofia (kifuniko kigumu cha jino) nalo huweza kupasuka kwa mahindi ya kuchoma. Anayetoka mbali aulize kama tiba inaweza kumalizwa siku moja: kama usaha umekauka, tafiti hazijaonyesha tofauti kubwa ya kupona. Picha ya marudio hupigwa baada ya mwaka, ingawa kivuli huweza kuchukua hadi miaka 4 kufutika.