Mtoto Aiguse Sauti Kwanza, Maelezo Yafuate

Mwambie mtoto aweke vidole kooni, kisha avume "mmmm" huku amefumba mdomo. Atahisi kitu kinatetemeka chini ya ngozi. Akinyamaza, mtetemo nao unakoma. Hapo ndipo somo la sauti lianzie. Sisi wakufunzi wa sayansi tunawasihi wazazi na walimu: msitangulize maelezo, maana mtoto akishakariri "sauti ni mitetemo" haoni tena haja ya kuitafuta.

Chukua rula, ibane kwa kiganja kwenye ukingo wa meza, sehemu kubwa itokeze nje. Bonyeza ncha, uiachie. Inatetemeka polepole na kutoa sauti nene. Isogeze ndani kidogo kidogo: mitetemo inaongezeka kasi, sauti inakuwa nyembamba. Sasa muulize, tukibonyeza kwa nguvu zaidi itakuwaje? Watoto wengi hudhani sauti kubwa na sauti nene ni kitu kimoja. Nguvu huongeza ukubwa wa sauti tu. Unene na wembamba hutegemea idadi ya mitetemo kwa sekunde, ambayo hupimwa kwa hezi. Sikio zima la kijana husikia takriban hezi 20 hadi 20,000.

Jaribio ninalolipenda kuliko yote ni la chupa. Tafuta chupa za kioo zinazofanana, utie maji kwa viwango tofauti. Zigonge kwa kijiko: yenye maji mengi ndiyo yenye sauti nene. Halafu puliza juu ya midomo ya chupa hizo, na matokeo yanageuka! Yenye maji mengi sasa inatoa sauti nyembamba. Usikimbilie kumweleza. Mwache abishane na wenzake, agonge tena, apulize tena. Ukigonga, kinachotetemeka ni kioo pamoja na maji, na uzito wa maji hupunguza kasi ya mtetemo. Ukipuliza, kinachotetemeka ni hewa iliyobaki ndani, na maji yakizidi safu ya hewa hiyo inakuwa fupi, hivyo hutetemeka kwa kasi zaidi.

Kuona sauti ikipita hewani, kaza kipande cha puto juu ya bakuli, nyunyizia chumvi, kisha piga sufuria karibu yake bila kuligusa. Chumvi itarukaruka. Mbinu kama hii ni ya zamani: mwaka 1787 mwanafizikia Mjerumani Ernst Chladni alichapisha michoro iliyojitokeza kwenye mchanga juu ya mabamba aliyoyatetemesha kwa upinde wa fidla.

Sauti hupita kwenye maji na vitu vigumu pia, tena upesi zaidi: hewani takriban mita 343 kwa sekunde, majini karibu 1,480, kwenye chuma cha pua zaidi ya 5,000. Funga kijiko katikati ya uzi, mtoto azungushie ncha zake kwenye vidole vya shahada na kuvigusisha nje ya tundu la masikio, asivisukume ndani. Kijiko kikigonga meza, atasikia mlio mzito wa kengele ambao wewe uliye kando husikii. Kisha mpe zamu ya kukufunga wewe uzi huo.