Je wajua, wimbo wa "Bwana Mungu Nashangaa Kabisa" una ngurumo mbili ndani yake?

Ukiuliza watu nani alitunga Bwana Mungu Nashangaa Kabisa, wengine watakwambia Elvis Presley, yule mwimbaji wa Marekani, manake ndo wanamkuta wakiutafuta YouTube kwa Kiingereza ("How Great Thou Art"), wengine watakujibu "huo si wa kwenye Tenzi?", kama vile kitabu cha Tenzi za Rohoni kilishuka na mana kule jangwani. Mimi nimeuimba tangu sandeskuli na kitu kimoja kilikuwa kinanisumbua: ubeti wa kwanza nyota na ngurumo, wa pili ndege na milima, halafu wa tatu ghafla tuko msalabani, wa nne Yesu anarudi. Mbona unarukaruka hivi? Kumbe beti zile hazikutungwa kwa kikao kimoja, kila moja ina mahali pake, na nyuma yake kuna wahubiri wawili, Mswidi na Mwingereza, ambao kila mmoja alikutwa na radi yake.

Radi ya kwanza ilipiga Uswidi mwaka 1885, huko Mönsterås, mji mdogo wa pwani ya kusini mashariki. Carl Boberg alikuwa kijana wa miaka 25 au 26, mtoto wa seremala wa kutengeneza meli, na yeye mwenyewe alishawahi kuwa baharia kabla hajaokoka akiwa na miaka 19 na kuanza kuhubiri. Siku hiyo alikuwa anarudi na wenzake kutoka ibadani, mara wingu likatanda, upepo ukavuma mashambani, radi zikapiga, mvua ikamwagika. Haikukaa sana, ikakata, upinde wa mvua ukatokea. Kufika nyumbani akafungua dirisha, ghuba imetulia tuli kama maji ya mtungini, ndege wanaimba porini, na kwa mbali kengele za kanisa zinalia, maana kulikuwa na msiba siku hiyo. Jioni hiyo hiyo akaandika shairi. Beti tisa! Machi 1886 likatoka kwenye gazeti la kwao pale Mönsterås, basi, yeye hakuweka tuni wala nini. Miaka kadhaa baadaye akiwa kwenye mkutano mkoa wa Värmland anashangaa waumini wanaliimba shairi lake kwa tuni ya zamani ya kienyeji, kwa hiyo ile sauti tunayoivuta pale kwenye kiitikio mtunzi wake hajulikani kwa jina, ni ya wanakijiji wa Uswidi.

Boberg aliendelea na maisha yake, akawa mhariri wa gazeti la Kikristo, baadaye akawa mbunge kabisa kuanzia 1912 hadi 1931, wimbo nao ukaendelea na yake. Mwaka 1907 Manfred von Glehn, Mjerumani wa Estonia, akautia Kijerumani, na 1912 Ivan Prokhanov akautoa kwa Kirusi. Mwingereza wetu aliukuta huko kwenye Kirusi, hakuutoa Uswidi moja kwa moja.

Huyo Mwingereza ni Stuart Hine, mmishenari, mzaliwa wa London mwaka 1899. Miaka ya 1930 alikuwa anahubiri na mkewe kwenye milima ya Carpathia huko Ulaya mashariki, upande ambao enzi hizo ulikuwa Chekoslovakia, na huo wimbo wa Kirusi walikuwa wanauimba wote wawili. Sasa siku moja yuko kijijini huko milimani, radi ikaanza kunguruma bonde kwa bonde, na hapo ndo ubeti wa kwanza wa Kiingereza ulipomjia, kwa hiyo ile "nyota, ngurumo" tunayoimba sisi ni mvua ya Boberg na mvua ya Hine zimechanganyika, miaka kama 50 katikati. Wa pili ulimjia Romania, kwenye misitu ya Bukovina, akitembea na vijana wenye magitaa na mandolini, ndege wakiwaitikia juu ya miti. (Kwenye Kiswahili msitu umepotea njiani, sisi tunaimba "nikitembea pote duniani", mfasiri alituongezea safari!)

Ubeti wa tatu ndo ninaoupenda kuliko yote. Hine alifika kijiji ambako askari wa Kirusi alishawahi kuacha Biblia miaka mingi nyuma, na mama mmoja akajifundisha kusoma kwa kitabu hicho hicho. Siku Hine anakaribia nyumba ile akakuta mama anawasomea watu habari za kusulubiwa kutoka Yohana, polepole, neno kwa neno, na watu wanatubu kwa sauti, wanashangaa waziwazi kwamba Mungu anaweza kumtoa mwanae kwa ajili yao. Hakuingia kuwakatisha, alisimama akaandika maneno waliyokuwa wanasema. Yaani pale tunapoimba "kuyatambua ni vigumu mno" tunaimba mshangao wa wanakijiji ambao majina yao hayako kwenye kitabu chochote cha nyimbo.

Habari ya Elvis ni fupi. Hine alichapisha beti zake zote nne mwaka 1949 kwenye gazeti lake la injili, wamishenari wakausambaza, mwaka 1954 mhubiri J. Edwin Orr akausikia India ukiimbwa na kwaya ya Wanaga, watu wa kaskazini mashariki mwa India, akaupeleka California. Mwaka 1957 mwimbaji George Beverly Shea akauimba usiku baada ya usiku kwenye mikutano ya mhubiri Billy Graham New York na hapo Marekani nzima ikaushika. Elvis anakuja kuurekodi kwenye albamu ya 1967, shairi lina zaidi ya miaka 80.

Nimeruka ubeti wa nne makusudi. Vita ya pili ya dunia ilipoanza Hine alirudi Uingereza, na huko akawa anahudumia wakimbizi kutoka Ulaya mashariki ambao swali lao lilikuwa moja tu, tutarudi lini nyumbani? Mwaka 1948 alitembelea kambi ya Warusi kule Sussex, akakutana na mzee mmoja aliyetenganishwa na mkewe wakati wa vita. Walipoachana mke alikuwa ameokoka, yeye bado. Baadaye naye akaokoka, akatamani sana amtafute amwambie, ila hakuwa na tumaini la kumwona tena hapa duniani, akabaki anangoja siku ya mbinguni. Ndo hapo ukatoka "Yesu Mwokozi utakaporudi". Boberg hakuwahi kuusikia ubeti huo, alifariki Januari 1940.