Sindano ya uvimbe wa titi na hofu ya kusambaza saratani

Wengi Arusha na Moshi huamini kwamba uvimbe wa titi ukichomwa sindano ya kuchukua seli za kupima, saratani "huamka" na kusambaa. Imani hii ina chanzo: wapo wanaofika hospitali ugonjwa umeshaenea, wakachomwa, kisha hali ikazidi. Lawama huiangukia sindano.

Sindano yenyewe ni nyembamba, kwa kawaida geji 22 hadi 25 (namba ikipanda, wembamba unaongezeka). Husogezwa mbele na nyuma ndani ya uvimbe, seli zikapakwa kwenye kioo, zikatiwa rangi na kusomwa kwa hadubini. Seli chache huweza kubaki mahali sindano ilipopita, ila haijaonekana kwamba hilo hufupisha maisha ya mgonjwa. Tatizo la kweli ni jingine: sampuli ikijaa damu, au seli zikiwa haba, haisomeki.

Kwa hiyo omba majibu ya maandishi. "Sampuli haitoshi" haina maana kwamba huna saratani, kipimo kirudiwe. Yalinganishe pia na altrasaundi na alichopapasa daktari. Yakipingana, uliza kuhusu sindano nene inayokata kipande kidogo cha nyama ya uvimbe.