Je, wajua umeme hupenyaje ngozi bila waya?

Kifaa kilichopandikizwa mwilini kinahitaji umeme, na kuufikisha huko ndiko kwenye kazi. Waya ukitokeza nje ya ngozi, tundu lake halifungi na vijidudu hupita hapohapo. Betri nayo huisha, na kuibadilisha ni kumrudisha mgonjwa kwenye kisu.

Njia nyingine imetokana na ugunduzi wa mwanasayansi Mwingereza Michael Faraday wa mwaka 1831: uga wa sumaku (eneo linalofikiwa na nguvu yake) unaobadilika huzalisha umeme kwenye waya ulio karibu, hata kama hakuna kinachogusana.

Mtazame mtu mwenye kipandikizi cha koklea, kinachowawezesha viziwi kusikia. Juu kidogo ya sikio, upande wa nyuma, kuna kidude cha mviringo kilichonata kichwani. Kimeshikwa na sumaku mbili, moja ndani yake na nyingine chini ya ngozi. Kila upande wa ngozi kuna koili, yaani waya uliozungushwa. Mkondo wa umeme kwenye koili ya nje hugeuka mwelekeo mamilioni ya mara kila sekunde, uga wake hupenya ngozi, na koili ya ndani hupata umeme. Uga huohuo hubeba na taarifa za sauti. Ndani hamna betri kabisa, hivyo kidude kikibanduka, mtu huacha kusikia papo hapo.

Sumaku hizo zipo kwa sababu uga hufifia upesi mno kadiri koili zinavyoachana, na koili ikisogea pembeni kidogo tu umeme hupungua. Kwa nini basi nguvu isiongezwe? Kwa sababu mwili umejaa maji yenye chumvi: hupitisha umeme, na ukizidi, nyama hupata joto na kuungua.

Pesimeka (kifaa kinachoongoza mapigo ya moyo) ya kwanza kupandikizwa mwilini, aliyowekewa Arne Larsson huko Uswidi mwaka 1958, ilichajiwa hivyohivyo kutoka nje. Leo nyingi hutumia betri ya lithiamu inayodumu miaka, kwa kuwa hula umeme kidogo sana. Naona ni uamuzi wa busara: moyo wa mtu usitegemee kukumbuka kuchaji.

Kusukuma damu yenyewe, hata hivyo, kunataka umeme mwingi mfululizo. Moyo bandia wa AbioCor, uliopandikizwa mara ya kwanza Marekani mwaka 2001, ulipokea umeme wake kupitia ngozi isiyo na tundu, na ulikuwa na betri ndogo ya ndani ya kama nusu saa, ili mgonjwa aweze kuvua vifaa vya nje akaoge.