Je, wajua kompyuta hutambuaje uvimbe wa kutiliwa shaka katika picha ya titi?

Kwa muda mrefu niliamini kwamba programu inayosoma mamografia, yaani picha ya eksirei ya titi, hutafuta doa jeupe. Uvimbe ni kweli huonekana mweupe, lakini tishu za tezi katika titi lenye afya nazo ni nyeupe vilevile, na kwa wanawake wengi, hasa wenye umri mdogo, weupe huo hutanda sehemu kubwa ya picha. Kutegemea weupe pekee ni kutafuta punje ya chumvi katika bakuli la sukari. Umbo nalo hudanganya: titi hubanwa linapopigwa picha, na tishu zinazolaliana huweza kuchora uvimbe ambao haupo.

Njia mojawapo ya werevu, iliyobuniwa miaka ya 1990, haiulizi weupe uko wapi bali nyuzi zinaelekea wapi. Saratani nyingi za titi huvuta tishu jirani, zikaacha nyuzi nyembamba zilizotawanyika kama miali. Chukua mfano wa mtu aliyesimama kilimani akitazama kijiji. Kisima kimefichwa na vichaka, lakini anaviona vijia vilivyokanyagwa na wachota maji, kimoja kikitoka mashambani, kingine msikitini, vingine majumbani, na vyote vinaishia penye kichaka kilekile. Hahitaji kuyaona maji. Programu nayo hufika kwenye kila pikseli, yaani kila nukta ya picha, huhesabu nyuzi za jirani zinazoielekea, kisha hulinganisha hesabu hiyo na ile ambayo ingetokea kwa bahati tu. Nyuzi zikizidi mno, tena zikitoka pande zote, mahali hapo hutiwa alama.

Hata hivyo, vijia hukutana hata pasipo na kisima. Kovu la upasuaji hutoa miali, na zipo saratani za mviringo zisizo na miali kabisa. Programu za awali, ambazo Marekani ilianza kuziidhinisha mwaka 1998, zilitia alama nyingi za bure. Utafiti uliochapishwa huko mwaka 2007 ulionyesha kwamba vituo vilivyozitumia viliwatoa wanawake wengi zaidi vinyama vya kupimwa, bila ongezeko la wazi la saratani zilizogunduliwa.

Akili mnemba ya leo haielezwi habari za vijia. Huonyeshwa picha nyingi ambazo majibu yake yanajulikana, ikajitafutia dalili yenyewe. Huko Uswidi, katika jaribio la wanawake zaidi ya 80,000 ambalo matokeo yake ya kwanza yalitoka mwaka 2023, programu ilipendekeza picha ipi isomwe na daktari mmoja na ipi na wawili. Saratani 6.1 ziligunduliwa kwa kila wanawake 1,000, dhidi ya 5.1 kwa usomaji wa kawaida wa madaktari wawili, na kazi ya kusoma picha ilipungua kwa asilimia 44. Ni habari ya kutia moyo sana, ila imetoka nchi moja, kwa programu moja, mikononi mwa wasomaji wazoefu, na haitoshi kuahidi matokeo yaleyale kwa mwanamke anayepimwa Mwanza au Mombasa.