Je, wajua mtu anapataje PhD kwa kuangalia ngoma?

Mwaka juzi mwezi wa saba nilikuwa Kisesa, usukumani, kwa shangazi, kipindi kile mavuno yashaingia ndani na watu hawana haraka na kitu, jioni tukasikia ngoma upande wa uwanjani tukaenda. Katikati ya watu kulikuwa na dada mmoja, daftari mkononi, raba zimejaa vumbi, na cha ajabu alikuwa haangalii wachezaji. Kawapa mgongo kabisa. Anatuangalia sisi watazamaji, anaandika, anaangalia saa, anaandika tena. Shangazi akaniuliza kwa ile sauti yake ambayo kunong'ona haijui, "Huyu naye vipi, kaja kutuhesabu?"

Tukaja kujua kweli alikuwa anatuhesabu. Anasoma uzamivu, yaani PhD, ya sanaa za maonyesho. Shangazi akashika kiuno: "PhD ya kuangalia ngoma? Basi mimi profesa."

Nilicheka, ila njiani nikawa najiuliza, hivi inakuwaje hasa? Mtu wa dawa anapima dawa, mtu wa samaki anazamia ziwani anahesabu sangara, huyu wa maigizo na ngoma anapima nini na kitu chenyewe kikiisha kimeisha? Nikaanza kufuatilia, nikamsumbua sana yule dada kwa WhatsApp, na haya ndo niliyoyapata.

Kwanza tuelewane, kusoma masta au PhD ya maigizo sio kujifunza kuigiza. Ukitaka kujua kucheza, kupiga ngoma, kusimama jukwaani, kuna Bagamoyo pale, chuo kilianza 1981 na sasa kinaitwa TaSUBa, au unaenda kwa manju kijijini, yaani mtunzi na kiongozi wa ngoma, anakufundisha bure ukimbebea ngoma. Huku kwenye uzamili na uzamivu unaingia na swali. Yaani unatakiwa uwe na swali moja ambalo hakuna mtu amelijibu vizuri, halafu ukae nalo miaka mitatu minne bila kulichoka, na wengi wanachoka kabla hawajafika hata nusu ya kuandika.

Swali la yule dada lilikuwa fupi mpaka nikaona kama utani: kwa nini watu wanahama?

Kwa asiyejua mambo ya usukumani ngoja nieleze. Mashindano ya mbina, yaani ngoma, kwetu hayana majaji wenye karatasi za maksi. Kuna vyama viwili vikubwa, Bagika na Bagalu, inasimuliwa vilianzia kwa mafundi wawili wa zamani, Ngika na Gumha, karne ya kumi na tisa huko, wote wachezaji na wote watu wa dawa. Siku ya shindano vikundi viwili vinacheza kwa wakati mmoja, uwanja mmoja, huyu huku yule kule, na watazamaji wako huru. Anayevuta watu wengi ndo kashinda. Basi. Kwa hiyo kila upande unatafuta kitu cha kuwavunja watu shingo wageuke: nyimbo mpya za kuwachamba wapinzani, vinyago vya mbao vinavyochezeshwa, nyoka kwa wale Bayeye, majembe yanarushwa juu kwa wale wa bugobogobo, na dawa nayo ipo, ya kuvuta watu, hiyo hakuna anayeificha.

Sasa we fikiria, umesimama na watu mia nane wanaangalia kikundi A, ghafla ndani ya dakika tatu mia tano wako kwa kikundi B. Nini kimetokea? Ukimuuliza mtu mmoja mmoja atakwambia "nilisikia wanapiga kelele nikaenda". Manju atakwambia ni dawa yake. Mpiga ngoma atasema ni mkono wake. Kila mmoja anasema kweli yake, na hapo ndo kazi ya utafiti inaanzia, maana jibu haliko kwa mtu mmoja wala haliko jukwaani peke yake, liko kule kati, kwenye ile njia ya vumbi ambayo watu wanaikata wakihama.

Ndo maana alikuwa kawapa mgongo wachezaji. Daftari lake nililiona, kurasa nzima zimechorwa miduara miwili na mishale, kila baada ya dakika tano anachora upya, pembeni kaandika kilichokuwa kinaimbwa dakika hiyo. Siku ile walioanza kuhama ni watoto, kisha vijana wenye baiskeli, wazee wakabaki mpaka mwisho hata kikundi kilipokuwa kimeshachoka. Akanionyesha mshale mmoja kauzungushia wino mwekundu. Dakika hiyo hakuna wimbo mpya wala nyoka. Manju wa upande wa pili alikuwa amenyamaza tu. Amesimama, hachezi, ngoma zimekata, na watu wakaenda kuangalia kwa nini kumekuwa kimya. Sijawahi kuona mtu anafurahia mshale kiasi kile.

Nikamuuliza kwa nini asirekodi video tu akaenda kukaa zake hostel. Akasema video anazo, masaa na masaa, ila kamera ikisimama sehemu moja inakupa unachokiona wewe mwenye kamera, haikupi kusukumwa, haikupi harufu, haikupi yule mama nyuma yako anayesema "twende kule hapa wamechoka" na watu sita wanamfuata. Na huu ni ubishi mkubwa kwa wasomi wenyewe. Mwaka 1993 Mmarekani Peggy Phelan aliandika kwamba onyesho linaishi sasa hivi tu, ukilirekodi umeshapata kitu kingine. Miaka kumi baadaye Diana Taylor, naye wa New York, akaja na hoja kwamba hapana, kuna kumbukumbu za makaratasi na mikanda, na kuna kumbukumbu za mwili, na hizi za mwili hazipotei kirahisi hivyo, zinapita kwa mtu hadi mtu kwa kucheza, kuimba, kufanya.

Mi nilikuwa naona hayo ni maneno ya watu wenye muda, mpaka nilipokaa kwenye intavyuu moja ya yule dada. Bibi mmoja wa Kisesa, alikuwa kwenye kikundi cha kulima miaka ya nyuma, kakalishwa kwenye kiti cha plastiki, simu inarekodi, anaombwa aseme maneno ya wimbo mmoja wa bugobogobo. Akasema mstari wa kwanza, wa pili akakwama. Anashika paji la uso, "nimezeeka jamani". Mjukuu wake akacheka akamletea jembe. Yule bibi kalishika, kainuka, kaanza kuliyumbisha kama anapalilia, na wimbo ukatoka wote, beti kwa beti, mpaka ile sehemu ya kutaja jirani mvivu kwa jina. Kumbe maneno yalikuwa hayako kichwani, yako mgongoni na mikononi. Bugobogobo si ilizaliwa shambani, kwenye vikundi vya kulima, mapigo ya ngoma na mapigo ya jembe ni kitu kimoja. Mzungu mmoja, Frank Gunderson, alifanya PhD yake kwa kukaa na nyimbo za kazi za Wasukuma, na kitabu chake kilichotoka 2010 kina nyimbo zaidi ya 300. Mia tatu! Na huyo kaja kutoka Marekani, sisi tunaozisikia dirishani kila mwaka hata kumi hatujaandika.

Ila nisiwe nawasifu wageni tu, maana Watanzania wameanza kitambo. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimekuwa na idara ya sanaa za maonyesho tangu miaka ya 1960. Ebrahim Hussein, yule wa tamthiliya, mtu wa Kilwa, alikwenda Berlin Mashariki akaandika tasnifu kuhusu maendeleo ya tamthilia Afrika Mashariki, akamaliza 1975. Penina Muhando Mlama hakwenda mbali, 1983 alipata PhD yake hapo hapo Dar kwa kutafiti sanaa za jadi za Wakaguru, watu wake mwenyewe, akionyesha kwamba zile ngoma na hadithi za jandoni zilikuwa shule kamili. Amandina Lihamba akamaliza Leeds 1985, yeye aliangalia siasa na maigizo baada ya Azimio la Arusha. Na Elias Songoyi mwaka 1988 aliandika tasnifu ya uzamili kuhusu waimbaji wawili, Kalikali na Mwinamila, na uhusiano wao na serikali. Kalikali ni manju wa usukumani. Yaani manju kaandikiwa tasnifu chuo kikuu kabla hata mi sijaanza darasa la kwanza, na nilikuwa sijui.

Halafu kuna hili la Malya, hapa ndo nilikaa sana. Malya ipo Kwimba, wengi tunaijua kwa chuo cha michezo. Mwaka 1982 na 83 walimu wa maigizo kutoka Dar, Mlama na Lihamba wakiwemo, walifanya kazi pale na wanakijiji. Hawakupeleka mchezo ulioandikwa tayari. Walikaa na watu kwanza wakauliza kinachowasumbua ni nini, yakatoka ya vijana, mimba za mabinti, kukosa shughuli. Hayo yakachambuliwa na wanakijiji wenyewe, yakageuzwa mchezo kwa ngoma na nyimbo za pale pale, ukaonyeshwa, watu wakabishana, halafu ikatakiwa kufuatilia nini kimebadilika. Utaratibu huo ndo leo mashirika mengi ya ukimwi na maji safi yanautumia au yanajidai kuutumia, mara nyingi wanaruka ile hatua ya kwanza ya kukaa na kusikiliza, wanakuja na fulana na maspika, na mtu wa kijijini anakujua tu kama umekuja kumsikiliza au umekuja kupiga picha.

Kuna mwenzao Mmarekani, Dwight Conquergood, miaka michache baadaye, 1985, alikuwa kambi ya wakimbizi Ban Vinai kule Thailand. Watu wa afya walitaka mbwa wachanjwe kichaa, hakuna anayeleta mbwa wake. Basi wakaandaa maandamano, watu wamevaa kama wanyama wa hadithi za Wahmong, ndo wakimbizi wa kambi ile, chui milia anacheza, kuku kashika kipaza sauti anaeleza ugonjwa. Kesho yake mbwa waliletwa mpaka wachanjaji wakazidiwa. Ukiwaza, ni swali lile lile la uwanja wa Kisesa: nini kinawatoa watu walipo kinawapeleka kule.

Na sio lazima iwe ngoma. Tangu Richard Schechner na wenzake pale New York University walipoibadilisha idara yao mwaka 1980, ikatoka kwenye drama tu ikawa ya kila aina ya utendaji, yaani chochote watu wanachofanya mbele ya wenzao, mtu anaweza kutafiti harusi, mechi, ibada, mahakama, hata mpiga debe wa stendi ya Buzuruga, Mwanza, anavyokushawishi gari limejaa bado mtu mmoja na ukiingia uko peke yako na konda. Mi huyo mpiga debe ningempa hata uprofesa.

Wapo pia ambao utafiti wao ni kutengeneza mchezo wenyewe. Uingereza hiyo imekubalika tangu miaka ya 1990: badala ya tasnifu ya maneno elfu 80 unaandika fupi zaidi, ila wasahihishaji wanakuja kuona onyesho lako, na kwenye utetezi wanakuuliza ulitaka kujua nini na onyesho limekujibu nini. Ukisema "nilitaka liwe zuri" umeisha.

Mengine ni uchovu tu ambao hauonekani kwenye picha za mahafali. Barua ya chuo kwenda kwa katibu tawala wa mkoa, ishuke wilayani, mkurugenzi, mtendaji wa kata, mwenyekiti wa kijiji, kila meza na muhuri wake na "rudi Jumatatu". Mgeni kutoka nje lazima apate na kibali cha COSTECH, ile Tume ya Sayansi na Teknolojia. Halafu ukifika kwa manju anakuuliza swali ambalo hakuna aliyekufundisha: huu wimbo ukiuandika kwenye kitabu chako unakuwa wa nani? Yule dada alikaa wiki nzima bila kurekodi kitu kwa ajili ya swali hilo, wakakubaliana kila wimbo uwe na jina la mtunzi, na nakala za sauti zibaki kwenye simu ya mtoto wa manju.

Sharti la pili la manju lilikuwa jepesi zaidi, au gumu, inategemea. Alisema hajibu maswali ya mtu ambaye hajawahi kushika jembe lake. Kwa hiyo Jumamosi moja jioni msomi wa watu alitupa daftari kwa shangazi, "Shikamoo mama, nishikie tafadhali," akaingia mstarini. Alirusha jembe mara ya kwanza likadondoka, mara ya pili nusura limpate mpiga ngoma, watu wakapiga yowe uwanja mzima na upande wa pili wote wakahamia kwetu kuja kuona kuna nini.

Shangazi akafungua lile daftari, akatoa kalamu kwenye khanga, akachora mshale.