Udongo, Maji na Baraza: Dhana Potofu Kuhusu Kufufua Vijiji vya Jangwani

Waulize watu kwa nini wakazi walihama makazi yao ya kale jangwani, na wengi watakujibu haraka: ukame. Ghadames, mji wa chemchemi ulio magharibi mwa Libya karibu na mipaka ya Algeria na Tunisia, una jibu jingine. Maji yalikuwapo. Kilichowatoa watu katika nyumba zao za udongo, hasa miaka ya 1980, ni nyumba mpya za zege zilizojengwa kando yake, zenye umeme, maji ya bomba na barabara ya kupitisha gari. Hawakukosea kutaka vitu hivyo. Lakini joto la kiangazi lilipopamba moto, familia nyingi zilikuwa zikirudi kushinda katika vichochoro vya zamani vilivyofunikwa juu. Kulikuwa na ubaridi huko, na ndiko walikozoea kukutana.

Kisa hicho kimenikaa moyoni kwa sababu kinagusa jambo ambalo miradi mingi hulisahau: ufundi na baraza haviishi mbalimbali. Ukuta unahitaji mtu wa kuukandika udongo, mtu huyo anahitaji wenzake, na wenzake wanahitaji mahali pa kukaa na sababu ya kuja. Ukikata kimoja, vingine vinalegea. Karibu kila dhana potofu ninayoijibu hapa inatokana na kuvitenga.

Dhana: Nyumba ya udongo ni ya maskini, na mvua moja tu inaimaliza

Nianze na ushahidi unaoiunga mkono. Katika oasisi ya Siwa, magharibi mwa Misri, mji wa ngome wa Shali ulijengwa kwa kershef, yaani mabonge ya chumvi na udongo yanayochimbwa kandokando ya maziwa ya chumvi. Mwaka 1926 mvua kubwa ilinyesha siku tatu. Chumvi ikayeyuka, nyumba zikaporomoka, na wakazi wakateremka kujenga upya chini ya kilima.

Ila kershef ni aina moja tu ya ujenzi wa udongo, na inafaa Siwa kwa kuwa mvua huko ni nadra mno. Nenda Shibam, katika Hadhramaut ya Yemen. Humo majumba ya matofali mabichi, mengine yenye ghorofa zaidi ya tano, mengi yamesimama tangu karne ya 16. Paa na sehemu za chini za kuta, ambako maji hushambulia zaidi, hupakwa chokaa. Kuta nyingine hukandikwa udongo upya kadiri zinavyochakaa. Nyumba kama hiyo ikikaliwa hudumu. Ikikosa mtu wa kuziba ufa mmoja juu ya paa, huanza kuharibika ndani ya misimu michache, na mpita njia atakayeiona baadaye ataulaumu udongo.

Kuhusu umaskini, atakayelala mchana wa kiangazi ndani ya ukuta mnene wa udongo, kisha akalala ndani ya tofali jembamba la saruji lenye bati juu, hataniuliza tena. Ukuta mnene hulimeza joto la mchana polepole, na kufikia saa ambayo lingeanza kutokeza ndani, jua limeshakuchwa na hewa ya nje imepoa.

Kuna kosa linalofanywa kwa nia njema kabisa: kuipiga nyumba ya udongo lipu ya saruji ili “idumu”. Saruji haipitishi unyevu kama udongo. Maji yanayopenya kwenye ufa, au yanayopanda kutoka ardhini, hukosa pa kutokea. Ukuta huoza ndani huku nje ukionekana mpya, hadi siku lipu inapobanduka pamoja na kipande cha ukuta. Ukiona mradi wa kukarabati nyumba za udongo unaanza kwa kuagiza mifuko ya saruji, uliza maswali mapema.

Nataka kukaa kidogo hapa kwenye ukarabati, maana ndipo wageni na wenyeji wanapopishana zaidi. Mjini Djenné, Mali, katika ukanda wa Saheli, Msikiti Mkuu uliojengwa upya mwaka 1907 hukandikwa udongo kila mwaka. Vijana hubeba udongo uliochanganywa na pumba na kuachwa hadi uchachuke. Wanawake na wasichana huchota maji. Waashi hupanda kwa kukanyaga miti ya mvumo inayochomoza ukutani, iliyowekwa hapo iwe jukwaa la kazi, na wazee hukaa wakitazama na kusahihisha. Mhandisi anaweza kuona gharama inayojirudia. Mimi naona jengo linalowakutanisha watu kila mwaka, na kwa siku hiyo moja kijana anajifunza uwiano wa udongo na maji kwa mikono yake mwenyewe, mbele ya watu watakaomkumbuka. Ukiupaka ukuta huo kitu kisichodai matunzo kwa miaka 30, umeokoa gharama na umefunga shule.

Dhana: Jangwani hakuna malighafi

Mtende peke yake unatosha kuijibu. Shina lake hutoa boriti, kuti likinyofolewa majani hubaki fito za vitanda, vizimba na uzio, majani hufumwa mikeka na vikapu, na nyuzi zinazozunguka shina husokotwa kamba. Ongeza manyoya ya mbuzi, kondoo na ngamia, udongo wa ufinyanzi wa mabonde yanayopitisha maji ya mafuriko, na chumvi. Upungufu halisi upo upande wa mbao ndefu na kuni, na upungufu huo ndio uliozaa baadhi ya maarifa mazuri kuliko yote ya jangwani, kama yale ya waashi wa Kinubi nitakaowataja sasa hivi.

Dhana: Jenga mahali pazuri pa jumuiya, watu watakuja wenyewe

Hakuna aliyeijaribu dhana hii kwa moyo safi kuliko Hassan Fathy, msanifu majengo wa Misri. Katikati ya miaka ya 1940 serikali ilimkabidhi kazi ya kujenga Gourna Mpya, ng'ambo ya magharibi ya Nile mkabala na Luxor, ili kuwahamishia huko watu wapatao 7,000 waliokuwa wakiishi juu ya makaburi ya Thebes, mji wa kale wa Misri. Fathy aliwaleta waashi Wanubi kutoka eneo la Aswan, kusini mwa Misri, waliojua kuinua paa za tao kwa matofali mabichi bila kushikiliwa na mbao: kila duara la tofali linaegemea lile lililotangulia, na kuta zikishapanda, fundi na wenzake hukamilisha paa bila ubao hata mmoja. Akajenga msikiti, soko, ukumbi wa michezo ya kuigiza, shule, na nafasi za mafundi. Majengo yalipendeza, na yaliyosalia yanapendeza hadi leo.

Watu wakakataa kuhama. Riziki yao ilikuwa kule kwenye makaburi: watalii waliopita mlangoni, kazi za vibarua kwenye machimbo ya wanaakiolojia, na kwa baadhi yao, biashara ya siri ya vitu vya kale. Kijiji kipya kiliwataka waache vyote hivyo. Kazi ikasimama kabla nusu ya mpango haijakamilika.

Sipendi Fathy anapotajwa kama mfano wa kushindwa tu. Aliwathamini mafundi wakati ambapo wasomi wengi waliona haya hata kuutaja udongo, na alitaka kila nyumba ifuate mahitaji ya familia yake. Lakini swali la kwanza kabisa, kama watu wanataka kuhama, lilikuwa limekwisha kujibiwa na wengine kabla yeye hajafika. Usanifu hauwezi kurekebisha jambo hilo.

Linganisha na falaj za Oman. Falaj ni mfereji unaoleta maji kijijini kwa mteremko pekee, mara nyingi kutoka chini ya ardhi, na takriban falaj 3,000 bado zinatumika. 5 kati yake ziliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006. Maji yakifika huanza na pa kuchota ya kunywa, kisha msikitini na pa kuogea, ndipo yaende mashambani. Zamu za kumwagilia zilipimwa kwa kivuli cha kijiti mchana na kwa nyota usiku, na sehemu ya maji hupigwa mnada ili fedha zitengeneze mfereji wenyewe. Hakuna aliyechora ramani ya “kituo cha jamii”. Watu wanakaa pale kivuli kinapopimwa na pale mnada unapofanyika, kwa sababu wana shughuli hapo. Anayetaka kufufua baraza la kijiji cha jangwani na aanze kwa kuuliza watu wana shughuli gani ya pamoja iliyobaki. Ikiwa haipo, viti havitasaidia.

Dhana: Baraza la jangwani ni la wanaume

Anayesema hivi kwa kawaida ametazama kwa chini tu. Ghadames vichochoro vilikuwa njia za wanaume na watoto, na paa zilikuwa za wanawake. Nyumba zimeshikana, kwa hiyo mwanamke angeweza kutembea kutoka mtaa mmoja hadi mwingine juu kwa juu, kutembelea jamaa na kubadilishana vitu bila kushuka. Nyumba za zege zilizotenganishwa zilipokuja, mji huo wa juu ulikatika, na nadhani hasara hiyo haijahesabiwa ipasavyo kwa sababu haikuwa na jina wala kibao mlangoni.

Ndivyo ilivyo pia kwa sadu, ufumaji wa wanawake wa Kibedui kwa sufu na manyoya ya ngamia, kondoo na mbuzi, kwenye kitanda cha kufumia kinacholazwa chini. Umoja wa Falme za Kiarabu uliuingiza kwenye orodha ya UNESCO ya urithi unaohitaji ulinzi wa haraka mwaka 2011. Wanawake walikuwa wakikusanyika kusokota na kufuma, huku wakipashana habari za ukoo na mara nyingine wakighani mashairi. Wasichana walikaa karibu, wakapewa kazi ndogo ya kuchambua sufu, na baadaye ufumaji. Ukimpa kila mfumaji oda yake afanyie chumbani peke yake, kitambaa kitapatikana, lakini msichana wa kuchambua sufu hatakuwapo.

Dhana: Kufufua ufundi ni kunakili mambo kama yalivyokuwa

Wachapaji wa ajrakh wa Kutch, eneo kame la jimbo la Gujarat nchini India, wanatufundisha vizuri zaidi. Ajrakh ni kitambaa chekundu na cha buluu kinachochapwa kwa vibao vya mbao vilivyochongwa, kwa hatua nyingi za kuchapa, kutia rangi na kuosha. Familia za Khatri zilikaa Dhamadka kwa karne kadhaa zikiufuata mto. Katika karne ya 20 rangi za viwandani zilichukua nafasi ya zile za asili, kisha wateja wao wa siku zote, wafugaji wa eneo hilo, wakageukia nguo za kiwandani za bei rahisi. Baadhi ya wachapaji wakarudi kwenye nili, maganda ya komamanga, na rangi nyeusi ya chuma chakavu kilichochachushwa kwa sukari guru na kufanywa kizito kwa unga wa mbegu za ukwaju. Wakatafuta wanunuzi wapya mbali.

Ndipo likaja tetemeko la tarehe 26 Januari 2001. Mto ulikuwa umeshakauka, na sasa maji ya chini yaliongezeka chuma kiasi cha kuharibu rangi. Wachapaji wengi wakahama na kuanzisha kijiji kipya karibu na Bhuj, wakakiita Ajrakhpur, mahali pa ajrakh. Kijiji kipya, wateja wapya, na mkono ni ule ule. Aliyedhani uhai wa ufundi ule ulikuwa katika majengo ya Dhamadka angewashauri wabaki, na rangi nyekundu ingefifia mikononi mwao.

Dhana: Watalii wataokoa kijiji

Watalii wanasaidia, sibishani. Lakini mwaka 2020 safari za kimataifa zilisimama karibu duniani kote, na fundi aliyekuwa akiuza zawadi ndogo kwa wapita njia hakuwa na wa kumuuzia. Mwashi ambaye majirani wanamhitaji kabla ya mvua alikuwa na kazi mwaka huo kama miaka mingine.

Dhana: Vijana hawataki

Vijana hawataki kufanya kazi ya miaka bila malipo, kisha kuitwa washamba. Mwaka 2005, huko huko Kutch, ilianzishwa shule ya usanifu kwa ajili ya mafundi wenyewe, Kala Raksha Vidyalaya, na masomo yakapangwa yasiwaondoe kwenye kazi zao mwaka mzima. Fundi aliyepita humo huingia sokoni kama msanii mwenye maamuzi, si mkono wa kukodi. Heshima ya aina hiyo huonekana nyumbani, na mtoto huiona kabla hujamshawishi kwa maneno.

Na palipo na kazi nzito ya kufanya pamoja, vijana hufika. Mwaka 2012 makundi yenye silaha yalibomoa makaburi ya mawalii mjini Timbuktu, kaskazini mwa Mali. Kazi ya kuyajenga upya ilipoanza mwaka 2014, ilishikwa na waashi wa mji huo huo, ambao ujuzi wao hurithiwa katika familia. Walitumia mabaki ya misingi, picha za zamani na kumbukumbu za wazee kujua kila ukuta ulipita wapi. Kufikia Julai 2015 makaburi 14 yalikuwa yamesimama tena, na familia zinazoyatunza zilikuwa zimerudishiwa kazi yao ya kuyakandika.